Dirisha Juu ya Duka la Mbegu

Stima imepotea Chavakali tangu jana.
Kinyozi wa chini amefunika mashine zake,
ameketi mlangoni akinyoa wapita njia kwa maneno.
Mimi nina dirisha.

Linatazama barabara iendayo Kapsabet.
Asubuhi jua hupenya humu bila hodi,
huwapiga watu makofi ya uso,
huwachimba mashimo chini ya macho.
Sipigi picha asubuhi.
Husubiri saa nane, jua likishavuka paa,
mwanga uliobaki uje wenyewe
kama mgeni aliyelelewa akaleleka:
ubishe, uvue viatu, uketi pembeni.

Saa nane na robo fimbo ilitangulia ngazini,
kisha Senje Kageha, kisha pumzi yake.
"Kijana, nataka picha ya jeneza."
Alisema hivyo hivyo,
kama anayeagiza kilo mbili za mbolea.
"Dada yangu Vugutsa walimkata
kwenye picha ya harusi ya watu.
Bega la mtu mwingine likabaki shingoni mwake.
Na ile taa yenu ya kumulika, pyaa!
Uso ukawa bakuli la uji.
Siku tatu tulililia bakuli la uji."

Nikavuta kiti, hatua moja kutoka dirishani.
Nikafunga mlango:
mwanga ukitoka pande mbili
pua hukosa mahali pa kutupa kivuli.
Kitambaa cha kochi, kile alichofuma mama,
nikakitundika kuchuja ukali
wa mabati mapya ya jirani.
Upande wa pili, uliolala gizani,
nikaegemeza manila nyeupe kwenye gunia
irudishe mwanga kidogo, kiasi cha kopo la chai.
Kidogo tu. Kivuli si uchafu wa kufutwa;
ndimo uso unamoweka mambo yake.

"Geuka, Senje. Kidevu kifuate dirisha.
Sio hivyo.
Kama umesikia sauti ya mtu unayemdai."

Ah! Hapo uso ukaamka.
Alama ya ndui karibu na sikio
ikapata ukingo, ikapata kina.
Ila kile kilemba cha kina mama wa kanisa,
cheupe, kilichopigwa pasi kikanyooka,
kikaidanganya kamera:
ikadhani chumba kimejaa mchana,
ikamtia Senje masizi.
Nikaibembeleza ifumbue jicho zaidi,
mara moja, mara ya pili.

Wingu likashuka kutoka upande wa Kakamega.
Chumba kikapoa, kila kitu kikasema polepole.
Nikabana viwiko mbavuni.
"Usitikisike sasa."
"Nikae kama maiti?"
"Hapana Senje, hiyo utafanya baadaye."
Akacheka kwa pengo lake lote,
na kidole changu hakikuniuliza.

Aliishika kamera mbali na macho,
akaisogeza, akaisogeza tena.
"Huyu nani?"
"Wewe."
"Mh. Huyu ana mambo."
Akanyamaza mpaka nikahofia bei yangu.
"Hii sio ya jeneza," akasema.
"Hii itie fremu, nitaitundika juu ya redio
wanione wakija kukopa sukari.
Ya jeneza tutapiga nikizeeka."

Ana miaka themanini na mmoja
kwa hesabu ya kitambulisho,
nacho, anasema, kilimwibia minne.

Mvua ikaanza kumwaga mahindi juu ya mabati.
Senje akatazama ngazi, akanitazama mimi,
akatazama kilemba chake kwenye kioo cha dirisha.
Kisha akainyanyua manila yangu kutoka guniani,
akajitwika,
akashuka, fimbo ikihesabu vidato,
akavuka barabara na mwanga wangu kichwani.

Wiki ya pili hii. Hajairudisha.
Nyuso ninazopiga siku hizi
zina upande mmoja mzito, wenye siri,
na wateja, sijui kwa nini, wameongezeka.